Odalie na Kipande Kisicho Chake

Kila Jumatatu Odalie Rochon alipotoka shule, harufu ya maharage mekundu ilimpokea mlangoni. Bibi yake, Ernestine, huyabandika tangu asubuhi, kama majirani wote wa mtaa wa Tremé, mjini New Orleans. Odalie alikula, akanawa, kisha akakaa barazani kupuliza saksafoni mpaka midomo ikamwuma. Jioni alikwenda ukumbi wa kanisa kwenye mazoezi ya bendi ya matarumbeta ya watoto.

Jumatatu moja alirudi kutoka mazoezini amefura kwa hasira.

"Bibi, amechaguliwa Renard," alisema, akatupa begi sakafuni. "Eti Jumapili, maandamano ya bendi mtaani yakisimama mbele ya kanisa, yeye ndiye atatoka mbele atunge papo hapo. Renard, asiyejua hata kusoma noti za muziki."

"Wewe ulimwomba mwalimu?"

"Si anaona mwenyewe? Nani anafanya mazoezi kunishinda mimi?"

Bibi alimwambia apunguze sauti, lakini Odalie hakuwa wa kusikia. Alichukua santuri kuukuu ya mpuliza saksafoni mmoja wa mtaa huo, ambaye sasa ni marehemu, akajifungia chumbani. Alisikiliza, akarudisha sindano nyuma, akapuliza, mpaka kipande kizima kikamkaa vidoleni. Kuiga hivyo si jambo geni Tremé, maana kila mpigaji huanza kwa kuwafuata waliomtangulia. Ubaya ulikuja Alhamisi, bendi ilipokutana tena kwa mazoezi.

"Mwalimu, nimetunga kitu changu," alisema mbele ya bendi nzima. "Naomba unisikilize kabla ya Jumapili."

Mwalimu Isadore, mzee mnene asiyependa maneno mengi, akamwashiria aanze. Odalie akapuliza bila kukosea hata kidogo. Wenzake wakapiga makofi, ila mwalimu hakupiga.

"Umekitunga mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya, rudia. Safari hii Renard atakuchokoza. Yeye anasema, wewe unamjibu."

Jamani, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Renard alipiga sauti fupi za utani kwenye tarumbeta, akamwachia nafasi. Odalie akaendelea na kipande chake. Renard akauliza tena, kwa upole. Odalie akaendelea vilevile. Mpiga ngoma alipunguza mwendo, na Odalie akazidi kwenda mbele peke yake.

"Huyu anaongea na ukuta," alisema mpiga tuba, na watoto wakaangua kicheko.

"Kwanza hicho kipande nakijua," alisema Renard, uso ameukunja. "Baba anacho kwenye santuri, kila siku anatupigia. Muongo wewe."

Mwalimu akagonga meza, kicheko kikakatika. "Kuiga sijakukataza, Odalie. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuiga. Lakini umechukua jasho la marehemu, ukanitazama machoni ukasema ni lako. Hilo limeniudhi sana."

Odalie alijua amekosa, na kujua huko kukamzidishia hasira. Akasonya.

"Hata mimi naudhika," alisema, machozi yakimlengalenga. "Tangu nije hapa, Renard na wenzake wanatunga wanavyotaka. Mimi kila siku ni 'Odalie, wafuate wenzako.' Hujawahi kuniuliza kama nina la kusema. Ulitaka nifanyeje?"

Mwalimu Isadore alijikuna kidevu.

"Hapo umesema kweli, na kosa hilo ni langu," alisema. "La kudanganya ni lako. Liombee radhi."

"Nisamehe, Mwalimu," Odalie alisema, bado amenuna. "Na nyie wote nisameheni."

"Bado umekasirika?"

"Sana."

"Basi usinieleze mimi. Mweleze Renard, kwa saksafoni."

Sauti ya kwanza ilitoka mbaya, kama mlango uliokosa mafuta. Odalie akaikazania hiyohiyo, akaipiga tena na tena. Renard akamjibu kwa dharau, naye akamkatiza kabla hajamaliza. Renard akapandisha, Odalie akapandisha, mpiga ngoma akaingia kati kama mtu anayeamua ugomvi. Hakikuwa kitu safi, lakini hakuna aliyecheka.

Jumapili bendi iliposimama mbele ya kanisa, Renard alitoka mbele kama alivyochaguliwa. Alipiga ya kwake, kisha, kwa ruhusa ya mwalimu, akamgeukia Odalie na kumchokoza mbele ya umati. Odalie hakuwa ameandaa chochote. Alijibu, akakosea sauti moja, roho ikamuuma, akaishikilia sauti hiyo kwa makusudi, akaivuta na kuikwaruza mpaka watu waliokuwa wakicheza nyuma ya bendi wakaanza kumwambia, "Mpashe huyo, mpashe." Bibi Ernestine alikuwa miongoni mwao, leso hewani.

Maandamano yalipokwisha, Odalie alimwendea mwalimu akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilikosea pale katikati, Mwalimu."

"Nilisikia," alisema Mwalimu Isadore. "Wakubwa wako jifunze kwao, mwanangu, na uwataje kwa majina yao. Lakini watu wakikuuliza, jibu la kwako, hata likitoka na makwaruzo. Alhamisi hukukosea hata mara moja, nami nilikuwa namsikiliza marehemu. Leo ndiyo nimekusikia wewe."