Matone Chini ya Pikapu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chiriku alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Alitoka uani na kandambili zake, akapiga magoti kwenye saruji baridi, kisha akachungulia chini ya pikapu ya baba yake. Usawa wa ekseli ya nyuma palikuwa na kipande cha katoni ambacho baba alikitandika kila jioni alipoegesha. Chiriku alikivuta na kukikagua. Kikiwa kikavu, alipaza sauti, "Safi, baba!" Kikiwa na tone, alieleza limedondokea wapi na lina rangi gani. Macho ya baba yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo aliyategemea ya binti yake.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Walimwita hivyo nyumbani kwa sababu alianza kusema alipoamka na hakunyamaza mpaka usingizi ulipomshinda. Mama alizoea kumtania kwamba siku atakayokaa kimya, wataita daktari.

Ile pikapu ndiyo iliyowalisha. Baba alibeba vitanda, makabati na meza kutoka kwa maseremala akawapelekea wateja, wengine wakiishi ng'ambo ya mlima. Lilikuwa gari la zamani, lenye kutu hapa na pale, ila halikuwa na tabia ya kulala njiani. Kwa mlio wa injini yake, wanafunzi wenzake Chiriku walilibandika jina la Kikohozi. Likipita karibu na shule, walikohoa wote kwa pamoja. Chiriku alicheka nao, lakini moyoni ilimchoma.

Jumamosi moja alifuatana na baba kwenda kwa muuza spea kununua balbu ya taa. Muuza spea yule alijua kuuza. Mtu aliingia dukani kwake kutafuta nati, akatoka na usukani.

"Mzee wangu, balbu utapata, lakini hebu tazama hiki kwanza," alisema, akashusha kitu kutoka rafuni. "Mfuniko wa difu. Alumini tupu!"

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake gia huzunguka katika oili na kuyagawia magurudumu nguvu ya injini. Mfuniko wake hukaa upande wa nyuma, kwa hiyo mtu anayefuata gari kwa karibu anaweza kuuona. Wa pikapu yao ulikuwa wa chuma cheusi, umepauka. Huu uling'aa kama sufuria mpya, na ulikuwa na mbavu ndefu na boliti nyekundu.

"Unaingiza oili nyingi zaidi, unapoza difu, gari linapata nguvu. Mlima utaupanda kama uwanja wa mpira!" muuza spea alimwaga sifa.

"Baba, tuuchukue!" Chiriku alirukaruka. "Hawataliita tena Kikohozi!"

Baba alikuna kichwa. Aliujua ulimi wa muuza spea, lakini alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kumnyima binti yake kitu alichokitamani kwa moyo wote. Wakatoka na mfuniko, na ile balbu wakaisahau.

Fundi wa gereji ya jirani, rafiki wa baba tangu ujana wao, aliupokea mfuniko, akaugeuza na kuupapasa kwa ndani.

"Ndugu yangu, ule wa zamani una ubaya gani?" aliuliza.

"Hauna. Lakini huu si unapoza difu?"

"Kidogo, labda. Anayevuta tela zito kwenye jua kutwa nzima anaweza kuona faida, tena akichagua mfuniko uliotengenezwa vizuri. Wewe unabeba makabati. Na uangalie hapa, kwa ndani ni bapa. Ule wa kiwandani umepinda kama bakuli ili oili irudi kwenye gia na beringi. Difu yako haiumwi. Inachotaka ni oili safi, iliyofika kipimo chake, basi."

"Fundi, tafadhali," Chiriku alimkatiza. "Ni mzuri sana!"

Fundi akacheka. "Haya, uzuri nao ni kitu. Nitaufunga. Lakini gasketi mpya, hii inayoziba ukingo wa mfuniko, hukaa polepole, na boliti huenda zikalegea kidogo. Mkiona tone, hata moja, nileteeni gari nikaze. Ni kazi ya dakika chache tu. Umesikia, Chiriku?"

"Nimesikia."

Jumatatu yake baba alimpeleka Chiriku shuleni kwa pikapu. Wenzake waliinama kuutazama mfuniko, na hakuna aliyekohoa. Siku hiyo Chiriku alitembea kifua mbele hata alipokwenda chooni.

Halafu asubuhi moja akaliona tone. Lilikuwa dogo, la kahawia, katikati ya katoni. Mdomo wake ulikwisha kufunguka, lakini sauti haikutoka. Alimkumbuka fundi na maswali yake. Bila shaka sasa angesema, "Niliwaambia," na baba angeurudisha ule mfuniko mweusi. Kikohozi wangekianza upya.

"Vipi huko?" baba aliita kutoka mlangoni.

Chiriku alikigeuza kile kipande, upande mkavu ukawa juu.

"Safi, baba!"

Kesho yake aliona matone mengine, na siku zilizofuata pia. Alivitupa vipande vyenye madoa, akaweka vingine, akajitia hamnazo. Kila mara alijiambia kwamba atasema kesho. Kisha asubuhi moja katoni ikawa kavu kweli. Iliyofuata vilevile. Chiriku alishusha pumzi. Aliona kwamba gasketi imekaa vizuri na mambo yamekwisha. Hakuwaza kwamba oili huacha kudondoka pia ikiwa imeshuka chini ya pale inapovujia.

Simu ya shangazi ilipigwa siku ya mapumziko, wakiwa wanakunywa chai. Shangazi, dada yake baba, alikuwa akimuuguza babu nyumbani kwake, ng'ambo ya mlima.

"Njoo umchukue baba," alisema. "Hali si nzuri. Anataka kurudi kwake. Anasema hataki kufia chumbani kwa watu, hata kama watu wenyewe ni sisi. Njoo leo, kaka."

Baba hakumaliza chai. Mama alitandika godoro nyuma ya pikapu, akaweka mito na shuka, kisha akabaki kuandaa chumba cha babu, alichokuwa akilala kabla ya kuugua. Chiriku alipanda mbele. Alimpenda babu yake kupita kiasi, kwa kuwa ndiye mtu mzima pekee aliyemsikiliza mpaka mwisho bila kumwambia apumzike.

Walipoanza kupanda mlima, mlio mwembamba ulisikika nyuma. Ulikua, ukawa kilio. Harufu ya kitu kilichoungua ikaingia ndani ya gari. Baba alipokanyaga breki ili asimame, kitu kilivunjika kwa kishindo na magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka.

Baba alishuka, akaugusa mfuniko, akaurudisha mkono haraka. Ulikuwa wa moto kama kikaango. Akampigia fundi simu. Magari machache yaliyopita yalikuwa yamejaa, mengine hayakusimama kabisa. Shangazi alipiga tena.

"Anauliza mmefika wapi."

"Mwambie tuko mlimani, tunakuja," baba alijibu, akageuka upande mwingine ili Chiriku asimwone uso.

Fundi alifika na pikipiki yake, akatambaa chini ya gari na kuufungua mfuniko. Kikadondoka kijiko kimoja cha oili, nyeusi kama lami. Vipande vya meno ya gia vilimwagika kwenye kiganja chake.

"Oili imekwisha," alisema. "Imevuja siku nyingi, polepole. Tazama gasketi ilivyolowa upande huu wa chini."

"Ulifunga vibaya!" baba alifoka. "Baba yangu ananisubiri huko, na wewe umenifungia mfuniko vibaya!"

"Kama ilivuja, tone lingeonekana, ndugu yangu."

"Mtoto huyu hutazama kila asubuhi. Hajaona hata tone moja!"

Fundi alimtazama Chiriku. Chiriku akainamisha kichwa. Fundi akafuta mikono yake kwa tambara, taratibu.

"Basi kosa ni langu," alisema. "Chukueni pikipiki, mkamwahi mzee. Gari niachieni mimi."

Baba alimpakia Chiriku bila kusema ahsante.

Walipoingia uani kwa shangazi, majirani walikuwa wamesimama mlangoni, na hakuna aliyewachangamkia. Shangazi alitoka, akamkumbatia kaka yake, akalia kwa sauti. Babu alikuwa amefariki muda si mrefu uliopita.

"Alikuwa akisikiliza kila gari," shangazi alisema. "Likipita, anasema, 'Hilo siyo. La mwanangu naujua mlio wake.'"

Baba alikaa sakafuni kando ya kitanda, akaushika mkono wa baba yake, akalia kama mtoto. Chiriku hakuwahi kumwona baba akilia. Alisimama mlangoni huku machozi yakimtiririka, asiweze kuingia wala kuondoka.

Kesho yake kabla ya adhuhuri, pikapu iliingia uani. Fundi alikuwa ameivuta kwa gari la kukodi mpaka gereji, akatafuta difu nyingine kuukuu lakini nzima, akaifunga, na kuileta mwenyewe ili mzee asafirishwe kwenda kwake kama alivyotaka. Ule mfuniko mweusi ulikuwa umerudi mahali pake. Macho ya fundi yalikuwa mekundu kwa uchovu. Alimnyooshea baba mkono.

"Pole sana, ndugu yangu."

Baba hakuupokea mkono ule. Aligeuka akatazama ukutani. Fundi akabaki na mkono wake hewani, hana pa kuuweka.

Chiriku hakuweza kuvumilia zaidi. Alipiga moyo konde, akasogea mpaka katikati yao.

"Baba, si yeye. Ni mimi. Niliyaona matone, siku nyingi. Nilikuwa nageuza katoni. Niliogopa mtautoa mfuniko."

Baba alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mgeni. Hakufoka, na afadhali angefoka. Kisha akaenda kwa fundi, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nimekuvunjia heshima, na wewe ukanipa pikipiki yako. Nisamehe."

"Yamekwisha," fundi alijibu. "Leo ni siku ya mzee."

Baba aliingia ndani bila kumtupia Chiriku jicho. Mtoto alikimbilia nyuma ya nyumba, akajikunyata kando ya ndoo za kufulia. Shangazi alimfuata, akakaa naye chini.

"Shangazi, mimi ndiye niliyemuua babu?"

"Hapana. Babu yako ameondolewa na maradhi, na nakwambia hivyo mimi niliyemuuguza. Hilo usilibebe." Shangazi alimfuta machozi kwa upindo wa khanga. "Lakini sitakudanganya ili unyamaze. Ungesema mapema, baba yako angemkuta akizungumza. Wangeagana. Hicho kimepotea, mwanangu, na hakuna fundi wa kukirudisha."

Chiriku alilia zaidi, na shangazi akamwacha alie.

"Kupenda kitu kinachong'aa si kosa," aliendelea. "Hata baba yako alikipenda. Kosa ni kuficha. Lile tone la kwanza lilikuwa jambo dogo la fundi kumaliza kabla chai haijapoa. Baba yako alikuamini, akaendesha gari kwa macho yako. Ukiona kibaya ukanyamaza, unamwacha aende kama kipofu. Siku nyingine, ukiogopa kusema jambo, liseme hapohapo likiwa bado dogo. Leo umesema mbele za watu wote, na ilikuwa ngumu. Umemrudishia fundi jina lake. Anzia hapo."

Mwili wa babu uliwekwa kwenye jeneza, na jeneza likapakiwa kwenye pikapu, likafungwa kwa kamba. Shangazi na fundi walikaa nyuma, mmoja kila upande. Chiriku alisimama pembeni, asijue pa kukaa.

"Panda mbele," baba alisema.

Waliupanda mlima polepole. Nyuma yao ulikuja msururu wa magari ya majirani, taa zikiwa zimewashwa mchana. Walipofika kwenye kona ya juu, Chiriku alisikia kitu, sauti ndogo, kama kijiko kinachogonga kikombe. Alitazama msururu ule mrefu. Kuusimamisha kungekuwa aibu, pengine kwa jambo la bure.

"Baba, nasikia kitu nyuma. Kinagonga."

Baba alisimamisha gari papo hapo, na magari yote yakasimama. Alishuka, akainama, akazunguka gari lote bila haraka huku watu wakimtazama. Akarudi, akakaa, akashika usukani.

"Ni mnyororo wa mlango wa bodi tu," alisema. "Ulikuwa umelegea. Nimeufunga."

"Samahani, baba."

"Usiombe samahani kwa hilo." Alipangusa macho kwa mkono wa shati kabla ya kuwasha gari. "Ukisikia kingine, niambie."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akateremsha kioo cha dirisha ili asikie vizuri, na wakaendelea kumpeleka babu nyumbani.