Kulungu Aliyepewa Jina la Apollonia

"Soma hapo chini ya kwato," Valentin alisema. "Soma kwa sauti, wote wasikie."

Apollonia Rehm aliweka brashi chini, akaiinamia karatasi. Ilikuwa chapa ya kwanza ya picha ya kitabu cha wanyama, kutoka kwenye bamba la shaba, haijatiwa rangi, wino bado unanuka. Kulungu dume alisimama juu ya mwamba, pembe zake zimetanda matawi. Chini yake palikuwa na jina la Kilatini la maneno mawili, na la pili lilikuwa lake.

"Apolloniae," alisoma.

Wanawake wanne waliokaa naye kwenye meza ndefu ya karakana ya kupaka rangi waliacha kazi. Dorothea, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka majani na nyasi, akanyoosha shingo.

"Haya jamani. Sisi tunaletewa mikate ya tangawizi, mwenzetu kaletewa mnyama mzima."

"Mbona miguu yake myembamba kuliko ya mwenye jina?" mwingine akauliza, na meza nzima ikacheka.

Valentin Oertel hakucheka. Alikuwa mchoraji wa miaka thelathini na moja, na kulungu yule alikuwa kazi ya mkono wake.

"Ni aina mpya, Lonia. Hakuna mtu aliyewahi kumchora. Katibu wa ikulu kaniandikia kwamba atakayewaletea mnyama mpya ndiye watakayemwajiri kuchora makusanyo yao ya wanyama. Kazi ya kudumu. Baraza la mji halitakuwa na sababu ya kutukatalia tena. Krismasi haitatukuta hivi."

Miaka minne walikuwa wakingoja. Mji wa Nuremberg haukumruhusu mwanamume kuoa mpaka aonyeshe riziki ya uhakika, na Valentin aliishi kwa vibarua vya kuchora, leo kipo, kesho hakipo.

Apollonia akatazama pembeni mwa karatasi. Pale Valentin huandika maelekezo ya rangi, kwenye ukingo ambao mfunga vitabu huukata na kuutupa. Kwa miaka minne ukingo huo ndio uliokuwa barua zao. Safari hii kulikuwa na maelekezo, "Mgongo, kijivu cha majivu. Tumbo, jeupe lililofifia," na chini yake kwa herufi ndogo: "Usingizi umenikataa kwa furaha. Wewe je?"

Akachukua kalamu, akaandika: "Nitakujibu kanisani."

*

Rangi ya kweli haipatikani kwa mshumaa. Kwa hiyo kesho yake asubuhi, kabla ya kutengeneza karatasi ya mfano ambayo wenzake wangeifuata mara mia tatu, Apollonia alizisogeza ngozi mbili karibu na dirisha. Zilikuja pamoja katika sanduku moja, kila moja na fuvu lake, kutoka kwa mfanyabiashara wa Siberia. Ya kwanza ilikuwa nyekundu yenye madoa meupe. Mnyama huyo alishajulikana na picha yake ilishatoka. Ya pili ilikuwa ya kijivu isiyo na doa hata moja. Huyo ndiye aliyepewa jina lake.

Alipitisha vidole kinyume na mlalo wa manyoya, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Nyuma ya sikio la kushoto vidole vikasimama.

"Mama," aliita. "Hebu njoo na miwani yako."

Mama Zahn, mjane mwenye karakana, alikuja akijifuta mikono. "Nondo wameila?"

"Heri ingekuwa nondo. Angalia hapa."

Akayatenga manyoya marefu ya kijivu. Chini yake yalikuwa yakiota mengine, mafupi, mekundu, na katikati yake doa jeupe lisilozidi punje ya dengu.

Mama Zahn aliangalia muda mrefu. "Nieleze, mwanangu. Mimi najua karatasi tu."

"Baba alitunza msitu wa ikulu. Kila mwezi wa tano kulungu wake walikuwa kama magodoro yaliyochanika. Koti la baridi linatoka, la kiangazi linaota chini. Hawa si wawili, Mama. Ni aina moja. Huyu aliuawa karibu na mwisho wa baridi, basi."

"Valentin anajua?"

"Valentin amekulia mjini. Kulungu amewaona sahanini."

Mama Zahn akavuta kiti. "Walioagiza kitabu hiki hawatamwona mnyama huyu maisha yao. Ukipaka kijivu ukanyamaza, Krismasi utakuwa mke wa mtu."

"Najua."

"Na ukisema?"

"Tutarudi pale pale tulipokuwa." Apollonia aliyarudisha manyoya taratibu. "Lakini ipo siku mtu atapapasa sikio kama hili. Siku hiyo atakayechekwa kila mahali ni Valentin, na mimi nitakuwa nilijua."

"Sikwambii la kufanya," Mama Zahn alisema. "Nikikwambia, utanilaumu au utanishukuru, na yote mawili yatakuwa ya bure."

Apollonia akachukua ile chapa, akaandika ukingoni: "Njoo uone sikio la kushoto. Njoo mchana, kuna mwanga. Nakupenda." Dorothea akaipeleka.

*

Valentin alikuja akitabasamu. Alipoonyeshwa, tabasamu likabaki usoni kwa muda kama kitu kilichosahauliwa, kisha likaondoka.

"Ni uchafu."

"Nimeosha kwa sabuni. Osha na wewe."

"Ni ugonjwa wa ngozi."

"Valentin."

"Miaka minne, Apollonia. Umelikuta jambo moja jema kwenye miaka minne, ukalitafutia kasoro nyuma ya sikio."

"Sikulitafuta. Lilikuwa chini ya kidole changu."

"Au hutaki kuolewa? Sema tu. Sema mbele ya hawa."

Brashi zote mezani zilisimama. Apollonia alihisi uso unamwaka, lakini sauti yake haikupanda.

"Nataka kuolewa kuliko unavyotaka kuoa. Wewe ukirudi nyumbani unakuta kalamu zako. Mimi nakuta shangazi anayeniuliza kama nimekuwa mtawa."

"Nilikupa mnyama wa Mungu mwenye jina lako."

"Nashukuru. Sijawahi kupewa kitu kama hicho, na pengine sitapewa tena. Lakini hayupo, Valentin."

Valentin alizikunja ngozi zote mbili, akayachukua na mafuvu, akatoka bila kufunga mlango.

Siku nne zikapita. Iliyokuja karakanani ilikuwa karatasi moja tu, na ukingoni neno moja: "Subirini." Hakukuwa na herufi ndogo chini yake. Apollonia aliigeuza mara mbili kuhakikisha.

"Ukitaka kulia, lia mbali na karatasi zangu," Mama Zahn alimwambia, akamwekea bakuli la supu ya shayiri na kumshika bega.

*

Siku ya tano Valentin aliingia hajanyoa ndevu, amebeba mkoba wa ngozi. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Apollonia na kusimama kama mtu aliyeitwa barazani.

"Nimeilowesha ngozi, nikaichana kwa kitana cha mama yangu. Sasa hataki kukiona tena," alisema. "Yapo mekundu shingoni pia, na madoa, kila nilipotenga. Nikapima kwato. Nikahesabu meno. Kila kitu sawa."

"Pole."

"Usinipe pole. Nilikutukana mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu hao hao. Nisamehe, Lonia."

Dorothea aliinamia nyasi zake, ingawa brashi yake haikuwa na rangi.

"Na ikulu?" Apollonia aliuliza.

"Niliwaandikia jana kwamba mnyama mpya hakuna. Katibu kajibu leo kwa mistari miwili. Kazi amepewa mwingine." Akaushusha mkoba mezani. "Niliposoma sikuumia kama nilivyodhani. Nilikaa nikifikiria kitabu kikishasambaa, watu mia tatu wana kosa langu kabatini, na hakuna wa kulirudisha. Umeniokoa na hilo. Asante. Sina kingine cha kukuletea, ila hiki."

Akafungua mkoba. Ulikuwa mchoro mpya. Kulungu wawili kwenye mwamba mmoja, mmoja mwekundu mwenye madoa, mwingine wa kijivu, bega kwa bega. Chini yao jina moja, lile la zamani. Jina la Apolloniae halikuwepo.

"Angalia pembeni chini," Valentin alisema.

Kushoto, mahali pa jina la mchoraji, paliandikwa V. Oertel. Kulia paliandikwa: *Rangi na uchunguzi, A. Rehm.*

Hakuna aliyecheka sasa. Katika miaka yote ya karakana ile, hakuna mpakaji rangi aliyewahi kuandikwa jina lake popote.

"Nimekusamehe tangu ulipoacha mlango wazi," Apollonia alisema, machozi yakimtoka. "Nilijua mtu anayetaka kurudi."

"Nilisahau kuufunga."

"Usiniharibie."

Mama Zahn akakohoa. "Mkimaliza. Baraza linasemaje hasa? Kwamba mwanamume aonyeshe riziki ya uhakika?"

"Ndiyo, Mama."

"Halikusema karakana iwe ya nani. Mimi sina mtoto, na macho yangu yanakwenda. Naiandikisha kwa Apollonia, na wewe utakuwa mchoraji wake. Utafanya kazi chini ya mke wako, Bwana Oertel. Una neno?"

"Nimeshaanza, Mama," Valentin alisema. "Siku ya tano hii."

Walifunga ndoa mwezi wa pili, theluji ikidondoka na Dorothea akilia kuliko bibi harusi. Nakala mia tatu zilishatoka, kingo zake zimekatwa zote. Moja tu Apollonia alimzuia mfunga vitabu kuigusa, akaitundika karibu na dirisha la karakana, ukingo wake mzima. Ukingoni mna maelekezo ya rangi, na chini yake, kwa herufi ndogo: "Umenijibu kanisani. Asante."