Vikao vya Baba Lulu

Komeo liliinuka. Halikushuka.

Evodia alilisikia akiwa kitandani, kama kila usiku tangu kompyuta ya mumewe ianze kufanya kazi peke yake sebuleni. Harufu ya udi uliolowa ikajaa chumba.

Mumewe, Baba Lulu, msomi wa programu za kompyuta, kola ngumu na moyo laini, alisema ni baridi ya Malindi, huku milimani. Asubuhi mkewe alishindwa kusimama. Ndipo akaitwa Bi Rahma, mganga wa Magoma, akafika jioni.

"Mashine hii inafanya nini, mwanangu?" aliuliza sebuleni.

"Inahifadhi bei za mboga kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa, mama. Ndani kuna mgawaji. Sehemu yoyote ya programu ikihitaji kikao cha kuzungumza na kanzidata, inapewa. Haihangaiki kukifungua."

"Anayekifunga nani?"

"Kwenye tovuti, mgeni akiondoka, kikao kinafungwa."

"Hapa kuna mgeni?"

"Hakuna. Inajiendesha."

"Kwa hiyo hakifungwi. Vikao hivyo umevifungua kwa jina la nani?"

Baba Lulu alitazama viatu vyake. "La mke wangu, mama Lulu. Kama pangetokea hitilafu, nisilaumiwe mimi."

Sauti nzito ya kiume ikatoka kinywani mwa Evodia, aliyelazwa mkekani hapo hapo. "Tumeitwa kwa jina lake. Tumekaa. Hakuna aliyetuaga. Tutaondoka naye."

"Wanamshika asiye na kosa," Bi Rahma alinong'ona. "Akitajwa aliyefungua, watamwachia. Jitaje, baba."

"Nitarekebisha kesho. Kila kazi nitaipa kikao chake, na ikiisha kifungwe."

"Kesho utamzika."

Makomeo yakaanza kuinuka, la jikoni, la stoo, la chumba cha mtoto, moja baada ya jingine na hakuna lililoshuka, na harufu ya udi ule uliolowa ikazidi hata taa ikaonekana kama inazama majini, na midomo ya Evodia ikageuka rangi ya zambarau, na mumewe, badala ya kumshika, akarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, akiuliza kwa sauti ndogo kama wanaweza kujaribu kwanza kuzima umeme.

Kwao Evodia, mke hamtaji mumewe kwa jina. Hata wodini, akijifungua, nesi alipouliza jina la baba wa mtoto, alimwonyesha kwa kidole. Sasa aliinua kichwa akamtazama mwanamume yule kama mtu anavyotazama kiazi kilichooza chini ya gunia.

"Davis," akamtaja mumewe, kwa sauti yake mwenyewe.