Wa Mwisho kwenye Foleni

Haya yalimpata rafiki yangu Jesper, Mswidi anayeishi Zaragoza, na mpaka leo hapendi kuyasimulia. Ilikuwa Agosti, majirani wote wamekwenda baharini, na siku kadhaa zilikuwa zimepita bila mtu kumsemesha. Mchana akatoka kununua mkate. Umeme ulikuwa umekatika, na kwa kuwa duka halina dirisha, ndani giza totoro. Akauliza, kama wanavyouliza wote huko wanapoingia dukani, ili wajue zamu yao inamfuata nani:

"Nani wa mwisho?"

"Mimi, mwanangu," ikajibu sauti ya bibi kizee kutoka pembeni.

Jesper akasimama kungoja zamu yake, moyo umemtulia kwa kuitwa mwana. Remedios, mwenye duka, akatokea na mshumaa.

"We bwana, mbona umeganda kama nguzo? Sema unataka nini!"

"Namngoja bibi."

"Bibi gani? Jua limekupiga wewe! Tangu asubuhi hajaingia mtu."

Kweli, pembeni palikuwa patupu. Jesper akacheka, akalipa, akarudi kwake. Alikuwa ameacha madirisha yamefungwa kuzuia joto, kwa hiyo ndani kulikuwa na giza, na kimya kilekile cha kila siku. Akafunga mlango kwa ufunguo. Kwa upweke tu, akajitania kwa sauti:

"Nani wa mwisho?"

Kule chumbani kitanda chake kikalia, kama mtu anajigeuza.

"Mimi, mwanangu."