Shuka za Mke wa Fundi Mbwembwe

Mwanamke mgeni aliingia dukani bila hodi, vumbi tupu mpaka kwenye kope. Fundi Mbwembwe alidaka futi yake ya kupimia.

"Karibu, dada! Gauni la harusi?"

"Sina mchumba, kaka. Nina majeruhi."

Alikuwa mhudumu wa kujitolea. Vita vilikuwa vimefika ng'ambo ya mto, na wanajeshi na wanakijiji walioumia walikuwa wakiletwa shuleni. Alihitaji vitambaa vya pembetatu vya kutegemezea mikono iliyovunjika. Aliacha jora dogo la pamba nyeupe.

"Kesho mchana gari linawapeleka hospitali. Nitavikuta?"

"Utavikuta. Nakuahidi."

Sasa, Fundi Mbwembwe hakuitwa hivyo bure. Kila kitambaa alikitia marinda, lesi na mfuko.

"Mfuko wa nini, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Wa leso. Kwani mkono ukivunjika, makamasi hukoma?"

Asubuhi mhudumu alirudi. Alivitazama, akamfunga fundi mwenyewe kimoja.

"Kinawasha!" fundi alilalamika.

"Na wewe ni mzima."

Kitambaa kilikuwa kidogo. Mkono ulichomoka ukaning'inia. Pamba nyingi ilikuwa imeliwa na marinda.

"Kiwe kipana, safi, kisicho na pambo," mhudumu alieleza. "Fundo likae pembeni mwa shingo, lisikandamize mfupa. Vidole vibaki nje, tuone kama vinabadilika rangi. Na siku nyingine, kaka, uliza kwanza mgonjwa anahitaji nini."

Fundi aliona haya. Rafu zilikuwa tupu. Macho yake yakatambaa hadi chumbani, kwenye shuka mpya nyeupe ambazo mkewe alizisubiri miaka.

"Usithubutu!" mkewe alisema.

"Nimeahidi, mama watoto."

Mkewe alimgeukia mgeni. "Hao majeruhi ni wa upande gani?"

"Mkono uliovunjika hauna upande, dada yangu."

Mkewe aliingia chumbani, akazitandua, akazileta mwenyewe.

"Kata. Lakini nikiona rinda hata moja, nitakuvunja mkono, kitambaa tukijaribie kwako."

Fundi alikata, akapinda kingo, akapiga pasi. Hakuwa amewahi kushona kitu kisicho na urembo kiasi kile.

Mchana, garini, mhudumu alimfunga kitambaa cha kwanza askari kijana aliyekuwa akiushikilia mkono wake kama yai. Kijana aliuachia polepole, akaegemea, akashusha pumzi.

Mke wa fundi alimtazama mpaka gari likapotea. Kisha akarudi ndani kulifuta vumbi godoro lililobaki uchi.