Mwambie Dada Si Mimi

Mwili wa mwalimu ulionekana Jumatatu asubuhi chini ya genge la mlima, umelala kifudifudi kati ya mawe mawili, maji ya mto yakizichezea nywele zake. Askari wa hifadhi walioteremka kwa kamba waliupandisha mpaka juu. Hapo mmoja wao akauliza jambo lililokuwa likimsumbua njia nzima: koti jekundu liko wapi?

Swali lilikuwa na msingi. Tangu juzi yake walikuwa wakitafuta kitu chekundu. Mume wa marehemu, daktari wa meno mwenye sauti ya upole, alikuwa ameteremka mlimani peke yake Jumamosi jioni, amelowa chapachapa, akawaeleza kwamba yeye na mkewe walipishana maneno kambini. Mkewe alivaa koti lake jekundu la mvua, akabeba begi lake mgongoni, akaondoka mvua ikinyesha. Kitu cha mwisho alichokiona ni wekundu wa lile koti ukimezwa na ukungu. Aliita mpaka sauti ikamkauka.

Sasa begi lilipatikana, mikanda yake bado imefungwa kiunoni mwa marehemu. Viatu vilikuwa miguuni, saa mkononi. Koti halikuwepo.

Inspekta aliyekabidhiwa kesi hiyo alikuwa mwanamke mtu mzima, kituoni wakimwita Mama Pole kwa jinsi alivyouliza maswali yake, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Alipanda mpaka juu ya genge, magoti yakimlalamikia, akachungulia. Jua lilikuwa limeshapanda, lakini kule chini kulikuwa na giza kana kwamba asubuhi haikuwa imefika. Kwenye mwamba, pale ukingoni, ukoga wa kijani ulikuwa umebanduka kwa michirizi minne. Alipiga magoti akaweka vidole vyake juu ya ile michirizi bila kuigusa. Vililingana.

Daktari aliyechunguza maiti alimpigia simu alasiri. Chini ya kucha za marehemu kulikuwa na ukoga. Sajini, msaidizi wa Inspekta, alisema hilo si ajabu, mtu anayeteleza hushika chochote.

"Ni kweli," Mama Pole akamwambia. "Lakini vidole vya mkono wa kulia vimepondwa kutoka juu. Alikuwa ananing'inia pale, mtu akamkanyaga."

Nje ya ofisi ya hifadhi upepo ulikuwa ukisukuma mlango na kuuachia.

Wakamwita mume. Aliketi vizuri, mikono imetulia magotini, akajibu kila alichoulizwa. Ndiyo, safari ilikuwa wazo lake. Ndoa yao ilikuwa imepoa, na alidhani siku chache porini, wawili tu na hema lao, zingewarudisha karibu. Ndiyo, walikuwa na mwongozaji, kijana wa mlimani anayeitwa Swala kwa sababu ya mwendo wake. Alimfukuza Ijumaa asubuhi. Alipoulizwa sababu alishusha macho kwanza.

"Alikuwa anamtazama mke wangu vibaya, Inspekta. Sikutaka kulisema hili mbele ya watu."

Mama Pole alimrudisha kwenye habari ya koti. Ana hakika mkewe alikuwa amelivaa? Ana hakika. Alifunga vifungo mpaka shingoni, akasema mume. Mvua ilikuwa kali. Aliwahi kulivua? Mbele ya macho yake, hapana. Kisha akatoa kitambaa, akafuta macho, na Sajini akajikuta akimmiminia maji ya kunywa.

Jioni hiyohiyo Sajini alikwenda nyumbani kwa Swala na kurudi akiwa amejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Koti jekundu lilikuwa uvunguni mwa kitanda, limeviringishwa ndani ya gunia. Swala alikuwa kiti cha nyuma cha gari, pingu mkononi. Langoni watu walikuwa wameshaanza kupiga kelele. Mmoja alirusha jiwe, likagonga boneti.

Usiku Mama Pole hakuhoji mtu. Aliagiza kijana apewe blanketi na chakula, naye akalala na mawazo yake. Kilichomkera ni kitu kimoja. Muuaji anayeiba koti la maiti huku akiacha saa mkononi ana haraka ya namna gani?

Asubuhi Swala alizungumza akitazama meza. Alisema koti alipewa. Sajini akacheka puani. Mama Pole akamwashiria anyamaze, akamwomba kijana aanze mwanzo.

Swala akaeleza. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Mume hakuwa mkali, ila kila mkewe alipotaka kusema jambo, yeye alilimalizia. Alhamisi jioni kuni zilikuwa mbichi, moto ukagoma, wote wamechoka. Swala alikwenda kutafuta vijiti vikavu. Aliporudi alikuta mama yule amesimama, uso umebadilika kama wa mtu aliyepigwa kofi, na mumewe anachochea moto usiowaka. Hawakusemezana tena. Asubuhi mume akamwambia Swala kazi imekwisha, wataendelea wenyewe. Kisha akaenda kijitoni kuchota maji.

"Hapo ndipo yule mama alinijia. Akavua koti, akanipa. Akasema, mpelekee dada yangu, ndiye aliyelishona, akiliona ataamini kwamba nimekutuma mimi. Akasema, mwambie dada mfuniko si mimi."

"Mfuniko gani?"

"Sijui, mama. Mimi nilidhani ni mambo ya masufuria. Nilimwambia twende wote chini, hali yake haikunipendeza. Akakataa. Akasema anataka amsikie mumewe akisema kwa mdomo wake, na nyumbani hatasema."

Kwa nini basi hakupeleka ujumbe? Alipanga kwenda Jumapili. Jumamosi usiku akasikia yule mama amepotea, na kwamba anatafutwa kwa alama ya koti jekundu. Koti lilikuwa juu ya kitanda chake. Akaliingiza uvunguni, na tangu hapo hakuweza kulala wala kusema.

Sajini alimvuta Mama Pole pembeni. Hadithi tamu, alisema, lakini Swala angeweza kurudi juu Jumamosi akaua, akashuka na koti.

"Angeweza," Mama Pole akakubali. "Basi tujue koti limeshuka lini."

Wakaenda lango kuu la hifadhi. Mkata tiketi wa hapo, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, hakuhitaji kukumbushwa. Ijumaa jioni, manyunyu yakianza, Swala alipita pale amevaa koti jekundu la kike, mikono yake imetokeza mpaka karibu na viwiko. Alimtania kwamba amepata mchumba mwenye mwili mdogo. Dereva wa gari la wageni alikuwepo, naye akacheka mpaka akamwaga chai. Wakampata dereva. Akasema vilevile, na siku ileile.

Sajini alisogea kwenye kivuli cha lango. Kisha akasema polepole, "Koti lilikuwa huku chini Ijumaa. Na mume aliliona limevaliwa Jumamosi."

"Mpaka vifungo vya shingoni," akasema Mama Pole.

Lakini uongo peke yake haukumtosha. Alitaka kujua mfuniko ni nini. Dada mkubwa wa marehemu alikuwa mshonaji mjini, akifanyia kazi katika chumba chembamba chenye cherehani mbili na harufu ya pasi ya moto. Alipoliona koti alilishika mshono wa begani, akautambua. Mama Pole akamfikishia ujumbe kama alivyoupokea, neno kwa neno.

Mwanamke yule alikaa chini kabla hajatafuta kiti, akaangukia rundo la vitambaa.

Kutoka pale chini akaeleza. Miaka minne nyuma mdogo wake alikuwa na mtoto, wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza anakimbia. Alasiri moja mtoto alitumbukia katika tangi la maji uani, akafa. Mume alisema alikuwa amelala sebuleni tangu mchana. Mke ndiye aliyechota maji ya kufulia, kwa hiyo mke ndiye aliyeacha mfuniko wazi. Mke mwenyewe aliamini hivyo. Ukoo mzima uliamini. Na mume akasimama mbele ya waombolezaji akasema amemsamehe mkewe. Watu walilia kwa wema wake.

Mama Pole alirudi kituoni, akaomba mume aletwe. Aliweka koti mezani, limetandazwa, kisha akamkaribisha kiti. Mume aliliangalia, akapumua.

"Kumbe mlimpata. Nilijua tu ni yule kijana."

"Hili ndilo alilovaa Jumamosi?"

"Ndilo."

"Ulimwona nalo kwa macho yako?"

"Inspekta, nimeshasema. Nilimwona."

Inspekta akamweleza basi, bila kupandisha sauti, kwamba koti lile lilipita langoni Ijumaa jioni, mgongoni mwa mtu mwingine, mbele ya mashahidi wawili. Mume akasema labda alichanganya, labda ilikuwa sweta, mtu akifiwa huchanganyikiwa. Mama Pole akamwacha amalize.

"Mkeo alimtuma kijana kwa dada yake. Alisema mfuniko si yeye."

Mikono iliyokuwa imetulia magotini ikaanza kutafuta pa kukaa. Kwa mara ya kwanza Mama Pole aliona sura ya mtu huyu bila ule upole, na nyuma yake hakukuwa na hasira wala huzuni. Kulikuwa na woga tu, mkubwa na wa zamani.

"Ni pampu," akasema mume hatimaye. "Siku ile pampu iligoma. Nilifungua tangi nione maji yamefika wapi, simu ikaita ndani, nikaenda. Nilisahau. Ni kusahau tu."

Alhamisi, moto ulipogoma, ulimi ukamteleza. Alisema kila kitu humgomea yeye, hata pampu siku ile. Mkewe hakuwa amewahi kusikia kwamba pampu iligoma. Mtu aliyelala tangu mchana angejuaje? Hakumuuliza kitu. Alimtazama tu, Alhamisi, Ijumaa, mpaka Jumamosi walipokuwa juu ya genge, jua linawaka na mawingu yamelala chini yao. Hapo akauliza. Naye, kwa kuchoka kutazamwa, akakiri.

"Nilidhani atalia. Akafunga mikanda ya begi lake, akasema anashuka kumwambia dada yake, na mama yake, na kila mtu aliyekuwa msibani. Watu wale wananiheshimu, Inspekta. Wananiita mtu mwenye moyo. Ningewatazamaje?"

"Ukamsukuma."

"Nilimsukuma."

"Na akashika mwamba."

Mume akairudisha miguu yake chini ya kiti. Mama Pole aliiangalia miguu ile, akaandika. Koti, mume alieleza baadaye, hakuwa amelifikiria kabisa. Juu hakukuwa na mvua. Mvua ilimkuta akishuka. Askari walipomuuliza mkewe alivaa nini, alisema alichozoea kukiona. Alidhani liko ndani ya begi, chini kabisa ambako hakuna atakayefika.

Swala aliachiwa mchana huohuo. Sajini alimrudisha kwao mwenyewe kwa gari la polisi, akamketisha kiti cha mbele ili watu wamwone.

Mama Pole alikwenda kwa dada mtu. Alimweleza yote, kuanzia pampu mpaka genge, kwa kuwa alistahili kuyasikia kwa mtu na si kwa redio. Dada mtu alisikiliza akiwa amesimama. Hakumlaani mume. Alipozungumza, alizungumzia msiba wa mtoto.

"Alitaka kumbeba mara ya mwisho. Nikampokonya. Nilimwambia mikono yake imeshafanya ya kutosha." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tangu siku ile hakuwahi kumgusa mtoto wangu hata mmoja. Alikuwa anaficha mikono nyuma. Sasa ukoo unataka mimi ndiye nikamvishe nguo ya kuzikiwa. Unadhani angekubali nimguse?"

Mama Pole alisogea karibu naye.

"Sijui," akasema. "Ninachojua ni kwamba alipoupata ukweli, wewe ndiye mtu wa kwanza aliyetaka aujue."

Dada mtu alichukua nguo iliyokunjwa juu ya meza, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akamwomba Inspekta amsindikize, mpaka mlangoni mwa chumba cha maiti tu. Wakatoka pamoja bila kufunga chumba.