Mwenye Jivu la Gotu

Apa kwanza. Weka mkono kifuani, sema hutamwambia mtu, hata yule jirani mnayekopeshana naye chumvi. Umeapa? Haya. Mimi pia niliapishwa, na tazama ninavyosema.

Ilianza na harufu ya mvua. Adhuhuri ya kiangazi, mbuzi wa kijiji chetu cha Gotu wanatafuna makaratasi, na stoo ya Kaltuma inanuka mvua!

Humo stooni Everline, mtaalamu wa udongo, alikuwa amefungia mabomba ya plastiki yaliyojaa udongo, tabaka juu ya tabaka, aliouchimba katika ardhi ya marehemu mume wa Kaltuma.

"Mama, udongo haudanganyi," alimwambia. "Huu mweusi wa chini ulikuwa kinamasi, wakati mvua ilikuwa nyingi. Juu yake samadi ya ng'ombe. Halafu jivu la meko. Watu wameishi hapa zamani sana."

Kaltuma alitaka hilo tu. Shemeji yake, Guracha, aliwaambia wazee pale palikuwa pori tupu, ili awauzie wachimba kokoto na mjane aondoke na sufuria zake. Wazee wakaamua: jivu la mababu likionekana, ardhi haiuzwi. Mabomba yatafunguliwa Ijumaa, baada ya swala.

Lakini kwetu jivu la boma lililohamwa haliguswi. Lina mwenyewe.

Jumatano Kaltuma alisikia ng'ombe akikamuliwa ndani ya stoo. Shii, shii. Alhamisi, kufuli ikiwa mlangoni, akasikia mtu akipuliza moto polepole kama mwanamke mwenye kifua kibovu, na moshi wa samadi ukatoka chini ya mlango, ukamzunguka vifundo, ukapanda magotini, ukamshika kiuno kama mkono wa mtu anayemfahamu, hadi sauti kavu ikamnong'oneza sikioni, "Nani anaiba jivu langu?"

Mwingine angekimbia. Kaltuma alikuwa amechoka kufukuzwa na walio hai.

"Usinikaripie mimi!" alifoka, meno yakigongana. "Napigania meko yako, na wewe unanitisha? Mwizi mtafute mwenyewe!"

Kisha, ndani, kicheko kidogo.

Ijumaa wazee wakaketi uani. Guracha hakuonekana.

"Shemeji yako yuko wapi?" mzee Halake aliuliza.

Yowe likajibu kutoka stooni.

Everline akafungua kufuli, watu wote nyuma yake. Bati la ukuta wa nyuma lilikuwa limeng'olewa. Guracha alikuwa amepiga magoti kando ya gunia la mchanga wa mto, mabomba matatu ameshayamwaga na kuyajaza huo mchanga. Katika la nne mkono wake ulikuwa umezama hadi kiwiko, na bomba lenyewe haliwezi kupitisha hata ngumi ya mtoto. Tope jeusi, baridi, lilimdondoka mapajani, likinuka mvua.

"Shemeji, nitoe! Ananivuta!"

"Huo mchanga ni wa nini, Guracha?" Halake aliuliza kwa sauti ya chini.

Kaltuma akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa ya shemejiye.

"Si ulisema pori tupu? Basi ni nani amekushika?"